Mikono ya Gauni la Shangazi

Siku dada yangu alipotoka nyumbani asirudi tena, jirani alimpigia makofi.

Alimwona akichomoka jikoni mikono juu, gauni likimetameta. Akadhani anacheza.

Si kosa lake. Dada alikuwa fundi cherehani, mcheshi kupita kiasi. Tulimwita Madoido, maana hakushona gauni lisilo na mikono mipana.

Mteja akileta kitambaa, dada alichomoa uzi mmoja, akauwasha kwa kiberiti.

"Ukiacha majivu, hiyo pamba. Ukiyeyuka hivi, umeuziwa plastiki, mama. Pole!"

Mchana ule alikuwa anajipima gauni lake jipya. La kitambaa kinachoyeyuka.

"Livue kwanza ndiyo uingie jikoni," nilimwambia.

"Acha wivu, mdogo wangu. Nageuza mboga tu."

Sufuria ya mboga ilikuwa nyuma. Mbele, moto wa gesi unawaka. Akanyoosha mkono kuuvuka.

Moto ulianza kwenye pindo la mkono, kidogo tu. Alipokimbia, upepo ukaupandisha. Nilimfuata na blanketi nikipiga kelele, "Lala chini! Dada, lala!"

Nilimfikia bombani, nikamfunika.

Wodini bado alinitania. "Gauni limenipenda hilo. Limegoma kuniachia."

Nikacheka huku nalia.

Jioni akaniita kwa macho. Nikainama, nikijua sasa ananiaga.

"Gauni la shangazi," akanong'ona. "Lipo mezani. Kitambaa kama changu. Punguza mikono."

Hakusema kingine tena.

Baada ya mazishi, shangazi alikuja kulichukua.

"Mwanangu, mbona umelikata madoido yote?"

Nilichomoa uzi, nikauwasha. Ukayeyuka, ukaning'inia kama tone jeusi.

Shangazi alikaa chini, gauni mapajani, akalia.

Ndugu yangu unayesoma, nguo ikishika moto usikimbie. Lala palepale, funika uso kwa viganja, biringika. Aliye karibu akufunike kwa blanketi zito mpaka moto uzime. Kisha umwagiwe maji safi ya baridi kwa muda mrefu, uwahishwe hospitali. Dawa ya meno usipake.

Na jikoni ingia na pamba, mikono mifupi.

Shangazi huwa analivaa gauni lile kanisani. Akirudi, analivua kabla hajawasha jiko.

Cherehani naendesha mimi sasa. Kiberiti kipo palepale, kando ya mkasi.