Wiki Moja ya Mjomba

Yaw Ampofo hakusema uongo. Hilo ndilo alilojiambia tangu anafunga sanduku kule Bronx mpaka ndege inagusa ardhi ya Ghana. Na mtu anayejiambia neno lilelile mara nyingi hivyo, mnajua wenyewe.

Mjomba wake, aliyemlea, alikuwa amefia kwao Mampong. Yaw akamwambia mkewe, "Sirra, naenda kwenye wiki moja ya mjomba."

Sirra alikuwa jikoni akimsuka mteja. Yeye ni Mgambia, na kwao maiti halazwi: amekufa leo, anazikwa leo.

"Wiki moja si nyingi," alisema. "Nenda, baba. Ila barua ya usaili yaweza kuja siku yoyote, na usipoketi pembeni yangu watasema ndoa yetu ni ya makaratasi."

Maana kadi ya kijani, ile ya kumruhusu Sirra aishi Marekani, aliombewa na Yaw, mwenye uraia. Mwaka wa pili huo wanangoja. Sirra mwenyewe hakuweza kutoka nje ya nchi bila kibali. Angetoka, ombi lingekufa. Hata harusi ya mdogo wake aliitazama kwenye simu, amejifunga kilemba kizuri kama yuko kule.

Sasa kwa Waashanti "wiki moja" si muda wa kukaa. Ni kikao cha msiba, watu huvaa nguo nyeusi wakapanga mazishi yatakuwa lini, na maiti anangoja kwenye barafu. Yaw alilijua hilo vizuri sana. Alifungua mdomo amweleze mkewe, akaufunga. Akisikia ni miezi, atanizuia, aliwaza.

Kikaoni mkuu wa ukoo akatangaza: mazishi baada ya wiki saba, nyumba ipakwe rangi kwanza. Na Yaw, mpwa mrithi, asiondoke.

Siku kumi baadaye Sirra akapiga simu. "Barua imekuja. Alhamisi ijayo, saa tatu asubuhi. Hiyo wiki yako ina siku ngapi?"

Yaw akaketi juu ya ndoo ya rangi. "Mke wangu, wiki moja ni jina la shughuli. Bado hatujazika."

"Ulijua?"

Angeweza kusema hapana.

"Nilijua."

Akasikia Sirra anaweka kitana mezani. "Basi. Uje, usije, mimi Alhamisi nitakuwa pale."

Mama mdogo wa Yaw, Pokuaa, akamkuta anakunja nguo.

"Ehee, Bwana Amerika! Mgambia amepuliza filimbi?"

"Nisipokuwepo atanyimwa kadi, mama."

"Na huyu aliyeuza shamba la kakao usome, azikwe na nani?"

Yaw akafunga zipu ya sanduku.

"Usinipe mimi jibu. Yuko hospitali kwenye jokofu. Pita ukamwambie yeye."

Akapita kweli. Mlinzi akamwambia haingii mtu bila barua ya familia. Basi Yaw akasimama nje ya mlango wa bati, akasema aliyoyaweza kwa sauti ndogo, huku mlinzi akijifanya anasoma gazeti.

Alhamisi, kwenye usaili kule Marekani, afisa wa uhamiaji aliwauliza mambo madogomadogo: nani hulala upande wa ukutani, nani hupika. Sirra alijibu akitabasamu, bega lake limeegemea la mumewe, na Yaw akaona moyo unapoa, akidhani amesamehewa. Wakaambiwa majibu yatakuja kwa posta.

Walipofika nje kwenye ngazi, bega likaondoka. Sirra akalikwapua faili mikononi mwa Yaw, akampa mkono.

"Ahsante kwa kuja," alisema, kama anavyoambiwa mgeni aliyetoka mbali.

Yaw angefurahi kutukanwa. Alimwona mkewe anashuka bila kugeuka, naye akabaki amesimama pale, hajui kama amfuate au angoje kuitwa.