Noreen na Sauti ya Golini

Noreen Kosciuk alikuwa kocha wa makipa katika chuo chetu cha Wendover, na kazi yake, ukiondoa maneno, ilikuwa kuwapiga mabinti wa watu kwa mipira. Kipa wa lakrosi, mchezo wa kufunga magoli kwa mpira mdogo unaorushwa kwa fimbo, hapashwi moto kwa maneno. Kabla ya kila mechi anasimama golini amevaa helmeti na kinga ya kifua, na kocha wake anasimama mbele yake na fimbo yenye wavu nchani, anamvurumishia mipira migumu mmoja baada ya mwingine, ya juu, ya chini, ya kiunoni, mpaka macho yafunguke. Noreen alikuwa na mkono mzito. Baba yake alichimba chumvi chini ya ziwa maisha yake yote, na sisi tulimtania kwamba ule mkono ni wa sururu, kwenye michezo umepotea njia.

Tulikuwa makocha watatu. Mkuu wetu alikuwa Marguerite Oakes, ambaye wachezaji walimwita Bi Mkubwa akiwapa mgongo. Noreen alishika makipa na mabeki. Mimi nilishika washambuliaji. Ofisi yetu ilikuwa moja, inanuka soksi, na mikutano yetu ilifanyika juu ya sahani ya mabawa ya kuku yenye pilipili. Noreen alikuwa amekichezea chuo hichohicho ujanani, akarudi kufundisha, akapanga chumba juu ya duka la ndoano na nyavu, wala hakuolewa.

"Niolewe wapi?" alikuwa akisema. "Nina mabinti kundi zima, na wote wananijibu."

Kipa wetu wakati huo aliitwa Corliss Vandermark, mtoto wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa upande wa pili wa kilima. Kipa anadaka, lakini pia anapiga kelele, kwa sababu yeye ndiye anayeuona uwanja wote, hata nyuma ya goli ambako mpira pia huchezwa, na kuwaambia mabeki mpira uko wapi. Corliss alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe. "Nyuma! Nyuma ya goli! Kushoto juu! Msaidieni!" Walisikia mpaka maktaba.

"Corrie, punguza bwana," beki mmoja alimwambia siku moja. "Ng'ombe wenu wameshaanza kuja."

"Waache waje. Wanakaba kuliko wewe."

Noreen alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi bandia. Nadhani alimpenda Corliss kuliko kipa yeyote aliyepita mikononi mwake, ingawa kocha hasemi mambo hayo.

Ilitokea mwezi wa Machi. Asubuhi tulikuwa tumeondoa theluji uwanjani kwa makoleo, sisi makocha na wachezaji pamoja, na wageni walikuwa wameshashuka kwenye basi lao. Noreen akaanza kumpasha Corliss. Mimi nilikuwa upande wa pili na washambuliaji wangu, nimewapa mgongo. Nilichogundua kwanza ni ukimya. Nilipogeuka, Corliss alikuwa ameupokea mpira kifuani. Alipiga hatua mbele kama anayetaka kuutoa, kisha akaanguka kifudifudi.

Tabibu wa timu alifika na mashine ya kushtua moyo kabla mimi sijamaliza kukimbia. Alifanya kila kitu kama kinavyotakiwa. Ambulensi ikaja. Corliss alifariki hospitalini mchana huo, wazazi wake wakiwa bado barabarani.

Baadaye daktari alitueleza. Mpira ulimgonga juu ya moyo, katika kile kipande kidogo sana cha muda kati ya pigo na pigo, ambapo moyo ukiguswa unavurugika. Ungefika mapema kidogo au ungechelewa kidogo, mtoto angekohoa tu na kutukana. Kinga ya kifua ilikuwa nzima, haina ufa. Kila mtu alimwambia Noreen hana kosa, naye alimjibu kila mtu, "Najua," kwa sauti ileile moja, mpaka watu wakaacha kumwambia.

Msimu ule tuliufunga hapohapo. Uliofuata tulipata kipa mpya, Imogen Tuttle, binti mrefu, mikono myepesi kama ya mchezaji karata, lakini mpole wa sauti. Noreen alirudi kazini. Marguerite alimwuliza kama yuko tayari, akasema yuko tayari. Lakini tulimwona tulipoanza mechi. Alimpasha Imogen kwa mipira laini, kama mtu anayemtupia mtoto machungwa, na haikupanda kifuani hata mara moja. Mechi ikianza, wapinzani wanapiga shuti la kwanza la kweli, Imogen hajaliona. Tulikuwa tunafungwa kabla watu hawajakaa.

Kulikuwa na jambo jingine. Tulikuwa tunacheza ugenini, mvua ya rasharasha, na Noreen aliyekuwa amekaa kando yangu kwenye benchi akanishika mkono akanifinya.

"Umesikia?"

"Nini?"

"Anaita. Anasema nyuma ya goli."

Sikuwa nimesikia kitu. Lakini mabeki wetu wote watatu waligeuka kwa pamoja kuangalia nyuma ya goli, na kweli mpira ulikuwa unapitishwa huko. Walimkaba mtu wao, wakanyang'anya mpira, tukatoka salama. Mechi ilipokwisha, kocha wa wenyeji alikuja kutushika mikono.

"Kipa wenu ana sauti, jamani," alisema. "Nimeipenda. Wangu wote mabubu."

Tulimshukuru. Imogen wiki hiyo alikuwa na mafua, sauti imekauka kabisa, hata kuagiza supu aliandika kwenye simu. Marguerite alinitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Ndani ya basi, niliwauliza mabeki walijuaje kugeuka. Mmoja akasema aliona kivuli. Mwingine akasema Imogen aliita. Wa tatu, aliyewahi kucheza na Corliss, alivaa kofia ya sweta lake akageukia dirishani.

Kuanzia hapo Noreen aliisikia kila mechi. Hakuwa akilia wala kupayuka. Alikuwa anakaa mkao wa mtu anayengoja kuitwa jina lake. Alikonda. Chakula alikuwa anakichokoa tu. Siku moja ofisini Marguerite alifunga mlango akamwambia waziwazi.

"Noreen, ama umrushie yule mtoto mipira ya kweli, ama nimtafute mwingine wa kumrushia. Anaingia golini akiwa amelala. Mtu ataumia."

"Mtu ataumia," Noreen akarudia. "Bi Mkubwa, hebu jisikilize."

Hakuwahi kumwita hivyo mbele yake. Marguerite alikaa kwenye kiti chake, akawa mzee ghafla.

Wiki ileile, mchana wa mazoezi, pikapu yenye matope iliegeshwa kando ya uwanja. Akashuka mwanamke mnene, amevaa buti za mpira za zizini, mkononi ameshika begi refu. Mimi nilimtambua kutoka msibani. Alikuwa Ottilie Vandermark, mama yake Corliss. Akaweka begi chini, akafungua zipu, akaanza kutoa vitu vya bintiye kimoja kimoja. Vilikuwa vile vile tulivyomrudishia: helmeti, kinga ya shingo, glavu. Kinga ya kifua.

"Nisaidieni kuvaa," alisema. "Hizi kamba sizijui."

Marguerite alimwendea haraka. "Mama Vandermark, karibu ofisini kwanza, tukae."

"Nimekaa mwaka mzima. Nataka kusimama pale alipokuwa amesimama, na huyu anirushie." Alimwonyesha Noreen kwa kidevu.

"Haiwezekani, mama. Sikuruhusu."

"Basi nitasimama tu, mtaniondoa kwa polisi."

Wachezaji wote walikuwa wameacha kukimbia. Noreen alipita katikati yao, uso umempauka, akapiga magoti mbele ya yule mama akaanza kumfunga kamba. Alifunga kila moja, akaikagua, akaifunga tena. Kisha akachukua fimbo yake akaenda kusimama umbali wa siku zote.

Mpira wa kwanza aliurusha laini, chini, pembeni.

"Usinidanganye," Ottilie alisema.

Wa pili ulikuwa wa kweli. Ulimpata pajani, tukausikia mlio wake. Akayumba, hakuondoka. Wa tatu ulimpiga mkononi. Wa nne ukampita sikioni ukatikisa wavu nyuma yake, akafumba macho, akayafumbua. Nilimsikia akihema ndani ya ile helmeti.

"Kifuani," akasema.

"Noreen, hapana!" Marguerite alipiga kelele.

Noreen alikuwa ameshainua fimbo. Ikatulia juu hewani, ikaanza kuinama, na mpira ukadondoka wenyewe kutoka kwenye wavu ukabiringika hadi kwenye mstari. Akailaza fimbo chini.

"Hapo sirushi, mama. Nipige ukitaka. Hapo sirushi."

Ottilie alitoka golini akaja akichechemea mpaka mbele yake, akavua helmeti. Nywele zilikuwa zimemganda kwa jasho.

"Mimi sikuja kukufanya kitu," alisema. "Nilitaka kujua kama ukisimama pale unaogopa. Nimesimama. Naogopa mpaka magoti. Sasa niambie ukweli, maana wewe ndiye uliyekuwa unamtazama. Mwanangu alikuwa anaogopa?"

Noreen alimtazama usoni.

"Alikuwa ananicheka, mama."

"Anakucheka vipi?"

"Kulikuwa na baridi, mkono wangu ulikuwa haujapata moto. Akaniambia, 'Kocha, leo umekula nini? Mipira inakuja imesinzia. Tia nguvu basi.'" Akaitazama fimbo pale chini. "Nikatia."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu. Si sisi, wala daktari, wala wale watu wa chuo waliokuja kumhoji. Alikuwa amelibeba peke yake, na nadhani ndilo lililokuwa linamla, zaidi ya ule mpira wenyewe.

Ottilie aliiweka helmeti chini. Kisha kikamtoka kitu kilichoanza kama kikohozi kikaishia kicheko, kicheko kibaya, cha mtu aliyesahau namna ya kucheka.

"Ndiye huyo," alisema. "Ndiye mwenyewe. Hata tumboni alikuwa hataki kubembelezwa." Akamshika Noreen shingoni kwa ile glavu ya mwanawe, akamvuta, wakagusana vipaji vya nyuso. "Mimi kila usiku nilikuwa namwona amejikunyata anaogopa, hakuna wa kusema acheni. Umenipa kitu, mwanangu."

Tulimsaidia kuvua. Paja lake lilikuwa limeshaanza kuvimba. Tabibu alimfunga barafu, akakaa kwenye benchi letu na buti zake, akatazama mazoezi mpaka mwisho.

Jumamosi iliyofuata Noreen alimpasha Imogen kwa mipira ya kweli. Alimaliza, akaenda nyuma ya jukwaa akatapika, akasukutua, akarudi kukaa mahali pake. Alifanya hivyo mechi baada ya mechi, na sisi tukazoea kumwekea chupa ya maji kule nyuma bila kusema. Marguerite alipostaafu, kazi ya ukuu walimpa yeye. Aliweka sheria zake. Kipa lazima anyooshe mkono kwanza ndipo arushiwe, na mashine ya kushtua moyo inakaa kando ya goli lenyewe, hata kwenye mazoezi ya Jumatatu.

Sauti haikuondoka. Niliwahi kumwuliza kama bado anaisikia.

"Siku za baridi," alinijibu. "Juzi amesema kulia, kumbe mpira uko kushoto." Akakunja uso. "Anaanza kukosea. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa."

Ottilie anakuja mechi zote za nyumbani. Hakai jukwaani, anasimama kwenye uzio nyuma ya goli letu, na wakati wa mapumziko anahamia upande wa pili kuwafuata vijana wetu. Wachezaji wa sasa hawakumjua bintiye, wanadhani ni shabiki tu wa zamani. Niliwahi kumwuliza kama na yeye anasikia kitu akiwa pale.

"Hapa?" alisema. "Hapa sisikii. Nyumbani ndiko nasikia. Hapa nakuja kupumzika."

Wiki iliyopita tulifungwa vibaya, theluji inadondoka, na watu waliondoka mapema. Noreen alikwenda kwenye uzio, wakaongea kidogo. Halafu Ottilie akafungua pikapu, akatoa jibini iliyofungwa kwenye karatasi, akampa. Na Noreen akairudisha ndoo ya mipira ofisini kwa mkono mmoja, jibini ameibana kwapani.