Mdogo Wangu Alirudi Kumchukua Mwanawe

Mdogo wangu aliondoka kwetu Bwera, Uganda, mtoto wake akiwa hajaota meno. Alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, kama wasichana wengi wa huku kwetu, akaniachia binti yake kwa kuwa mimi sikujaliwa kuzaa. Hakuna aliyeniuliza kama nitaweza. Nilimfunga mgongoni, nikarudi sokoni kwenye kibanda changu cha samaki wakavu wanaotoka Kahendero, ziwani.

Alipoanza kusema, mtoto aliniita mama. Mwanzoni nilimsahihisha, kisha nikaacha. Mama yake mzazi, mtoto alimjua kama sura tu kwenye simu, kichwa kimefungwa kitambaa, akinong'ona ili bosi wake asisikie.

Mwaka jana mdogo wangu alirudi. Tulikwenda kumpokea Kasese, kwenye stendi ya mabasi. Nilikuwa natafuta mtu wa zile picha alizotutumia, amenawiri, anacheka. Aliyeshuka alikuwa amekonda, na viganja vyake vilikuwa vimechubuliwa na dawa za kusafishia. Alipiga magoti mbele ya mtoto.

"Njoo kwa mama."

Mtoto akajificha nyuma ya gauni langu. "Mama iko hapa," akasema.

Mdogo wangu aliinuka, akajipangusa vumbi. "Amekua," aliniambia, kana kwamba anamzungumzia mtoto wa jirani. Nikabeba begi lake.

Nyumbani kwa mama yetu watu walijaa. Jirani yetu anayeongoza kwaya kanisani alikuja na binti yake mkubwa, wakaketi karibu kabisa na mgeni.

"Huko kazi iko bado?" jirani aliuliza. "Huyu wangu amemaliza shule, amekaa tu."

"Walikuwa wananifungia ndani," mdogo wangu alisema. "Nililala jikoni, sakafuni. Simu walinipa walipotaka."

Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akatazama juu. "Lakini mama yenu amepata mabati mapya," alisema. "Na wewe umerudi mzima."

Mdogo wangu naye akayatazama mabati. Haukupita muda mrefu binti yule naye akaenda Uarabuni, na wenzake wawili wa kwaya wakamfuata. Siku hizi sauti ya kwanza inaimbwa na wanawake wa umri wa mama yangu, na nyimbo za juu tumeziacha.

Mdogo wangu alikaa nasi miezi kadhaa. Aliamka kabla ya kila mtu akasugua sakafu ambayo tayari ilikuwa safi. Mama yetu alimwambia apumzike. Aliitikia, kisha akaendelea kusugua. Mtoto alimwita anti. Siku moja alimwomba maji, na mdogo wangu akampa kikombe kwa mikono miwili, akarudi nyuma kidogo, akasimama ameinamisha macho mpaka mtoto alipomaliza kunywa. Nilikuwa mlangoni nachambua maharage. Niliendelea kuchambua.

Baadaye alipata kazi ya kufua nguo hotelini Kasese, na chumba cha kupanga.

"Dada, nataka kumchukua mtoto," alisema.

"Ni wako."

"Umekasirika?"

"Hapana."

Nilisema kweli. Nilijaribu kuitafuta hasira, au hata huzuni, sikuona kitu. Nilikunja nguo za mtoto, nikatenga zilizombana. Asubuhi ya safari mtoto alinishika shingoni, akalia mpaka sauti ikamkauka, nasi tukambandua mkono mmoja baada ya mwingine. Gari lilipoondoka nilifungua kibanda kama kawaida. Wateja waliniuliza kama naumwa. Nikawajibu siumwi.

Niliwatembelea likizo iliyofuata. Mtoto alinifungulia mlango akiwa amesukwa nywele vizuri. Alipiga magoti, akanisalimu kama wanavyosalimiwa wageni.

"Karibu, mama mkubwa."

Mama yake alikuwa amemfundisha, na alimfundisha sawasawa, maana ndivyo nilivyo kwake. Niliitikia salamu. Tulikula ugali na sombe ya majani ya muhogo, wakanieleza habari za shule. Usiku walilala pamoja kitandani, mguu wa mtoto juu ya tumbo la mama yake, nami nikatandikiwa godoro chini. Kulipokucha nilirudi Bwera, kwa sababu ilikuwa siku ya soko.