Kipande Kilichobaki Maabara

Kichupa chenyewe ni kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, na kilikuja Kisumu ndani ya barafu kutoka ng'ambo. Ndani yake mlikuwa na kingamwili. Huko kinakotengenezwa, sungura alidungwa kipande cha protini ya binadamu, mwili wake ukakiona kigeni, ukatoa kitu cha kukikamata. Kitu hicho ndicho tulichoagiza. Protini yenyewe hukaa katika kiini cha seli na kuamua jeni zipi zisomwe na zipi zinyamaze. Jina lake ni herufi na tarakimu, kama nambari ya gari.

Kichupa kilichotangulia kilikuwa kituko. Kilipaka rangi kila mahali, penye protini na pasipo na protini, hata nikawa simwamini sungura yeyote. Hiki kipya nilitaka kukijaribu kwanza kwenye kondo la nyuma la mtoto, kwa sababu humo protini hiyo hukaa katika seli za ukingoni. Rangi ya kahawia ikijitokeza ukingoni tu, sungura wangu ni mkweli. Ikienea kote, turudi kule kule.

Mzazi mmoja alikubali tukate kipande kama punje ya hindi. Kondo lililobaki, ambalo wao huliita biero, familia ilikwenda nalo kwao, upande wa Katito, ikalizika nyumbani kama watu wa huku wafanyavyo, ili mtoto awe wa boma lile. Mimi nikakizamisha kipande changu katika nta, nikakata tabaka mbili nyembamba, nikazilaza juu ya vioo viwili. Kimoja nilikitia kingamwili. Cha pili sikukitia, kiwe cha kulinganishia.

Asubuhi niliyopanga kumalizia rangi, mama mkwe wa yule mzazi aliingia maabara, mkoba kwapani.

"Mlibaki na kipande," alisema hata kabla ya kuketi. "Sisi tumezika biero, tukajua imeisha, kumbe ingine iko huku. Sasa mjukuu wangu atakuwa nusu huku, nusu kule? Nataka yote."

Nilimweleza kwamba mama wa mtoto ndiye aliyetia sahihi. Akampigia simu papo hapo, akaweka spika.

"Ni kweli nilikubali," sauti ikasema kwa uchovu. "Lakini tangu nimwambie mama, hajalala. Mrudishie tu."

Mwenyewe akishasema hivyo, kipande si chetu tena. Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimekingoja kipande hicho kwa hamu, nacho kilikuwa kinaniponyoka rangi ikiwa imebaki kidogo tu. Nikawasihi wote wawili waniache nimalize, kisha kiende. Simu ikakubali.

"Maliza," mama mkwe naye akasema, "lakini nikiwa hapa, nikiona."

Akavuta stuli karibu. Sijawahi kufanya kazi huku nikihojiwa namna ile.

"Hiyo dawa ni ya nini?"

"Si dawa, mama. Imetoka kwa sungura. Inamtafuta mtoto humo ndani."

"Sungura anajua aje mtu?"

Nikababaika kidogo. Nikamwambia sungura hamjui mtu, anakijua kijisehemu kimoja tu cha mtu, na anakijua vizuri kwa sababu kwake ni kigeni.

"Kama mimi na hii nyumba yenu," akasema, akiangaza macho kwenye mashine. Nikacheka bila kupenda.

Nilidondosha rangi ya kahawia, kisha vioo vyote viwili nikavitia bluu, ambayo hupaka kila seli. Tukasubiri, yeye akikiinamia kioo kunizidi. Nilipokiweka chini ya hadubini nilipiga kelele kama shabiki wa mpira: vitone vya kahawia vimejipanga ukingoni, na katikati bluu tupu. Nikampisha. Kwanza alifumba jicho lisilofaa, kisha akapata.

"Hizi za brown ni nini?"

"Ni seli za mtoto. Hapo ukingoni ndipo anapogusana na damu ya mama yake."

"Za mtoto? Si za mama?"

"Za mtoto mwenyewe."

Akarudi kutazama, na safari hii alikaa sana. "Ni mingi," akasema polepole. "Alikuwa anafanya kazi yote hii na sisi hatujui."

Nilimfungia kibonge cha nta chenye kipande chake pamoja na kioo chenye rangi ya kahawia. Kile cha pili, chenye bluu peke yake, nikakisogeza kwenye ndoo ya vioo vya kutupwa. Akanishika mkono.

"Hicho hakina kitu, mama," nikasema.

"Ni mtoto ama si mtoto?"

"Ni mtoto."

"Sasa? Hapo sungura hakuulizwa tu. Leta."

Niliona haya kweli, nikakifunga pamoja na kile kingine. Nilijua ushahidi wangu wote unaondoka na mkoba ule, kwa hiyo nikaomba angalau nikipige picha kioo cha rangi kabla hajaondoka. Akafikiri, uso umekunjamana, nikajua nimenyimwa.

"Picha piga," akasema hatimaye. "Picha haizikwi."

Nikafungua tena kifurushi, nikapiga. Akaitazama kwenye skrini ya kompyuta, kisha akanyoosha simu yake.

"Nitumie hiyo. Baba yake yuko Mombasa, hajamwona bado."