Siku Nilipolipumzisha Lori Kwenye Mteremko wa Kibakwe

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, na mama yako asisikie: siku niliyoshika usukani wa lori kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, mvi zimeanza kuchungulia, binti yangu mkubwa ameshaolewa. Wewe una thelathini na sita unakuja kuniambia umechelewa kujifunza kazi nyingine! Umechelewa wapi? Hebu kaa nikusimulie.

Wakati ule wa Mwingereza mimi nilikuwa mtu wa punda. Nilikuwa nao tisa, nabeba mahindi na karanga za watu kutoka milima ya Kibakwe mpaka Mpwapwa, na njia nzima nilijulikana. Mara barabara ikachongwa, Mhindi mmoja wa Mpwapwa mwenye duka la nafaka akaleta lori. Mzigo wangu wa mwezi mzima, lenyewe linaubeba asubuhi moja! Wenzangu wa punda walilitukana lori lile. Mimi, Mungu anisamehe, nililipenda. Likipita nasimama kando nimekodoa macho, punda wametawanyika kwenye mashamba ya watu, sina habari.

Basi nikauza punda wote tisa, nikaenda kwa yule mwenye lori, ambaye madereva walimwita tajiri, nikamwambia nataka kufundishwa udereva. Alicheka mpaka akafuta machozi. Lakini alijua sijawahi kupoteza gunia la mtu, akakubali. Akasema, "Dereva wangu akiniambia umeiva, nitakupeleka Dodoma kwa Mzungu wa polisi akakutahini. Asiponiambia, rudi kwa punda wako."

Punda gani tena, mwanangu? Nilikwisha kuwauza.

Dereva mwenyewe aliitwa Yona, kijana wa Chamwino, miaka ishirini na minne. Mtoto kabisa! Kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo, baba," kwa adabu zote, kisha tukipanda garini anageuka mwalimu. "Kanyaga klachi. Siyo hiyo, baba, hiyo breki!" Miezi minne nilizungusha hendeli ya kuwashia, nikajaza maji kwenye rejeta, nikashika usukani penye tambarare huku moyo unanidunda kwa furaha. Nilikuwa nikirudi nyumbani mke wangu ananiuliza nacheka na nani.

Ila nilikuwa na ugonjwa mmoja. Yona akimaliza kunieleza jambo huniuliza, "Umeelewa, baba?" Nami, nimeelewa nisielewe, najibu, "Nimeelewa." Ningemwulizaje mara mbili mtoto aliyezaliwa mimi nimeshaota ndevu?

Siku moja akaniambia, "Kwenye mteremko tia gia ya pili, wala usiitoe mpaka tufike chini. Injini ndiyo italishika lori." Nikajiuliza moyoni, injini si ya kuvuta? Itashikaje? Lakini mdomo ukajibu wenyewe, "Nimeelewa."

Zikabaki siku chache niende Dodoma. Tulikuwa tumepakia karanga Kibakwe, usukani ninao mimi, Yona kaketi kando yangu. Tukapanda mlima mmoja mrefu, injini inakoroma, mvuke unatoka kwenye rejeta. Tulipofika juu nikalionea lori huruma. Sasa sikiliza akili za mtu wa punda! Punda wangu wakimaliza kupanda, sikuwaswaga tena. Niliwaacha wateremke taratibu, wapumue. Nikaona na hili limechoka, maskini. Nikatoa gia, nikaliachia lipumzike.

Lo! Kelele zote zikakatika. Nikasikia raha, nikatabasamu kabisa. Kisha miti ya kando ikaanza kunipita mbio.

"Gia! Baba, tia gia!" Yona akapiga ukelele.

Nikaitafuta gia, ikasaga meno ikakataa. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo, kisha harufu ya kuungua ikajaa, halafu mguu ukazama mpaka chini bila kukuta kitu. Unajua nilifanya nini? Nililiambia lori, "Shiii! Simama! Simama we!" Naapa, nililisemesha hivyo. Yona akanirukia, akanyang'anya usukani, akaligongesha kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Magunia yakapasuka, karanga zikamwagika barabara nzima. Upande wa pili palikuwa na korongo, sikupenda hata kulitazama.

Yona alikuwa anavuja damu kwenye paji la uso. Akasema, "Baba, nilikuuliza kama umeelewa."

Na mimi, badala ya kumwomba radhi mtu aliyeniokoa, nikamfokea! "Unamsemesha nani hivyo? Nina watoto rika lako mimi!"

Hakunijibu kwa hasira. Alijifuta damu, akasema taratibu, "Dodoma huendi. Siwezi kumwambia tajiri umeiva." Tukazoa karanga, yeye akalirudisha lori Mpwapwa polepole kwa gia ya pili.

Jioni ile nilimsimulia mke wangu nikiwa nimeinamisha kichwa. Nilitegemea anipe pole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Ulimwambia kwamba hukuelewa?"

"Sikumwambia."

"Basi kesho kamwambie. Punda umeshauza, aibu ya nini tena?"

Asubuhi nilimkuta Yona uani kwa tajiri, kaingia chini ya lori anatengeneza breki, wapakizi wamekaa pembeni wanatazama. Nikachuchumaa mbele yao wote, nikasema, "Shikamoo, mwalimu."

Mwanangu, alishtuka akajigonga kichwa! Akatoka mbio amejaa grisi. "Baba, usinitie laana! Mimi ni mtoto wako!"

"Nisamehe kwa jana. Sijaelewa, Yona. Tangu siku uliponieleza habari ya gia sijaelewa. Injini inalishikaje lori?"

Wapakizi wakaangua kicheko. Yona hakucheka. Aliingia garini, injini imezimwa, akatia gia akaniambia, "Sukuma." Nikasukuma kwa nguvu zangu zote, halikwenda hata unyayo. Akatoa gia. "Sukuma tena." Nikalisukuma, likaenda lenyewe kama kigari cha mtoto!

Nilipiga kelele mpaka tajiri akatoka dukani. "Kumbe! Kumbe injini imeshikana na magurudumu!" Nilirukaruka uani, mtu mzima mwenye wajukuu. Basi siku zile nilimwuliza Yona kila kitu, mpaka akawa anaziba masikio na kuniomba nimwache ale. Mwishowe akaenda kwa tajiri, akamwambia nimeiva.

Dodoma yule Mzungu wa polisi aliketi kando yangu na daftari lake, akaniambia nishike barabara ya kwenda Zuzu. Nikaenda vizuri. Njiani akasema jambo kwa Kiswahili chake cha puani, sikushika hata neno. Jasho likanitoka. Jibu la zamani likaja ulimini, "Ndiyo, Bwana," nikalimeza. Nikasimamisha gari, nikasema, "Bwana, sijaelewa. Niambie tena."

Akanitazama. Nikajua nimekwisha. Kisha akarudia polepole, akionyesha kwa mkono: alitaka nirudi kinyumenyume hadi kwenye jiwe tulilolipita kando ya barabara. Nikarudi, nikasimama penyewe hasa. Akaandika, akafunga daftari. Akaniambia wengi huitikia tu, ndiyo ndiyo, kisha wanakwenda kugonga. Akanipa mkono, na leseni nikaipata!

Mwanangu, nililia. Nililia mbele ya Mzungu, sikuona haya, na Yona aliyekuwa anasubiri nje ya kituo akalia pamoja nami.

Kwa hiyo nenda kaianze hiyo kazi unayoitaka. Watakuwako watoto wadogo wanaokuzidi, na watakufundisha. Waheshimu. Usipoelewa, sema hujaelewa, hata mbele ya watu, hata mara kumi. Ningesema neno hilo moja Yona asingekuwa na kovu usoni mpaka leo. Mungu akupe mwalimu asiyekuchoka, akufungue kinywa umwulize, na wote watakaopanda gari lako awafikishe kwao wazima.