Kurasa Arobaini na Moja za Mzee Matone

Jina lake halisi lilibaki kwenye faili la utumishi. Maabara nzima ya kemia ilimwita Mzee Matone, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita alisimama nyuma ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza akiwaambia maneno yale yale: tone moja moja, mwanangu, haraka ya nini? Alikuwa fundi wa maabara mwenye cheti cha miaka miwili na koti jeupe lililokwisha kuwa la manjano mikononi. Kwenye ratiba yaliandikwa majina ya maprofesa, lakini saa ya vitendo ikifika walikuwa na vikao, na aliyefundisha ni yeye. Watu walijua, wakanyamaza, mambo yakaenda.

Kisha ikaja sera mpya ya elimu. Vyuo vyote viliagizwa kuandika upya mitaala: nadharia ipunguzwe, vitendo viongezwe, mhitimu atoke akijua kazi ya mikono. Mzee Matone aliyasoma hayo kwenye ubao wa matangazo, akayarudia, na siwafichi, alifurahi. Alidhani hatimaye wakubwa wamemwona. Kumbe sera hiyo hiyo, kurasa chache mbele, ilisema kila anayefundisha chuo kikuu awe na shahada ya uzamili. Ukurasa huo haukubandikwa.

Mwenyekiti wa kamati ya mitaala alikuwa profesa wa kike aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alimfuata maabara, akamweleza habari ya shahada bila kuzunguka, kisha akasema, "Baba, vitendo vyako havijaandikwa popote. Viko kichwani mwako tu. Niandikie vyote, hatua kwa hatua. Nikiwa na maandishi mkononi nitapata la kukutetea."

Nyumbani mkewe, fundi cherehani asiyejua kemia hata chembe, alimsikiliza huku akikunja upindo wa gauni la mteja.

"Baba watoto, bakiza kidogo. Ukiwapa vyote watakuhitaji kwa lipi?"

"Nikibakiza, mtoto wa mtu ataungua."

"Haya, andika. Ila usije kusema sikukwambia."

Aliandika miezi miwili, kwa mkono, kwenye meza ya chakula. Si mchezo kuandika kitu ambacho mikono imeshakizoea. Ilibidi asimame, ajifanye ameshika bureti, ule mrija wa kudondoshea matone, avitazame vidole vyake vinafanya nini, ndipo aandike. Mkewe akamcheka, mtu mzima anacheza na hewa. Kurasa zikafika arobaini na moja. Humo mlikuwa na kila kitu, hata namna ya kumtuliza mwanafunzi aliyevunja chupa yake ya kwanza asije akaficha vipande mfukoni.

Siku ya kikao aliitwa. Meza ndefu, chupa za maji, watu saba. Mjumbe mmoja aliyening'iniza miwani shingoni alisema hajawahi kuona andiko safi namna ile. "Limeandikwa vizuri kiasi kwamba mhadhiri yeyote mpya akilishika leo, kesho anafundisha." Wenzake wakaitikia. Mzee Matone akatabasamu, maskini, kabla hajaelewa alichosikia.

Mwenyekiti alielewa mapema, na alijaribu. Alisema huyu mzee ndiye aliyemfundisha yeye kushika pipeti, apewe ruhusa maalumu hadi astaafu, ni miaka mitatu tu. Mwanasheria wa chuo akafungua sera, akasoma kifungu. Yule wa miwani akauliza, tena kwa upole, ruhusa ya nini, ikiwa yote anayoyajua sasa yako mezani? Ikapitishwa: kurasa zote ziingie kwenye mtaala kama zilivyo, aajiriwe mhadhiri mpya, na fundi ahamishiwe stoo ya vifaa, asiingie tena maabara saa za wanafunzi.

Mwenyekiti alimsomea uamuzi akiwa ameinamia karatasi. "Nisamehe, Baba," akamalizia.

"Umefanya ulichoweza, mwanangu."

Akatoka. Iliuma. Iliuma mpaka akashika ukuta wa korido, na aliona haya kwamba kurasa zile alizijivunia. Alikuwa ameanza kushuka ngazi alipokumbuka chupa za etha.

Kila Jumatatu, kabla ya kufungua madirisha, alizikagua chupa hizo kwenye kabati la chini. Chupa iliyokaa sana huota fuwele, chembe nyeupe kama chumvi, mdomoni, na anayekizungusha kizibo chake anaweza kulipukiwa usoni. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe, hakumpa mwanafunzi hata siku moja, kwa hiyo haikuwa somo, na kwa kuwa haikuwa somo hakuiandika. Hakuificha. Ilimpita tu, kama mtu asivyohesabu pumzi zake.

Angeweza kunyamaza. Angesubiri mwezi mmoja, kisha aje kuwaambia kuna jambo hawalijui, na bado wanamhitaji. Aliliwaza hilo, tusimfanye malaika. Aliliwaza ngazi nzima mpaka chini. Halafu akapanda tena, akabisha hodi.

"Kuna kitu sikuandika," akasema, na akawaeleza.

Mwenyekiti alifungua ukurasa wa mwisho, akaandika huku akitamka: "Mwanafunzi akiona fuwele, asiguse chupa. Watu wote watoke nje. Kisha aitwe..." Kalamu ikasimama. Akainua uso, mara ya kwanza tangu asome uamuzi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Aitwe nani, Baba?"

Mzee Matone aliitazama ile kalamu.

"Andika mwalimu wa somo," akasema, akasubiri pale mlangoni mpaka alipoona mwenyekiti ameandika.