Betri za Kuota Jua

Nyumba niliyozaliwa, hapa hapa kijijini Tlawi, ilikuwa na joto bila kifaa chochote. Ng'ombe walilala upande mmoja, sisi upande wa pili, na pumzi zao zilitufikia gizani zikinukia majani na maziwa. Mpaka leo nikifumba macho nawasikia wakicheua. Nilikuwa nikiamini kwamba mwenye ng'ombe hajui baridi.

Sasa nina nyumba ya matofali ya kuchoma. Nimeijenga mwenyewe kwa fedha ya kuuza kitunguu saumu, mimi mtu wa darasa la tatu, na asije mtu akasema alinisaidia. Ni nyumba nzuri. Ni baridi kama kisima. Mwezi wa saba ukungu unapanda kutoka bondeni, unavuka uwanja polepole, unakuja kusimama mlangoni kama mgeni anayeona haya kupiga hodi.

Mke wangu kifua chake kiliharibiwa na moshi wa kuni, miaka mingi. Alipotoka hospitali mwaka huu, daktari alituambia mambo mawili: asivute moshi tena, na asilale kwenye baridi. Basi jiko la mkaa likatolewa chumbani. Binti yetu mkubwa, anayeuza vitenge Katesh, akaleta hita ya umeme pamoja na kidude cheupe cha kubandika ukutani. Fundi alikiita themostati. Kinapima joto la chumba, kikiona limeshuka kinaiamuru hita iwake, hata waya hakuna kati yao. Na binti yetu anazisoma digrii za joto la chumba cha mama yake kwenye simu, kule kule dukani kwake. Chakula cha kidude ni betri mbili ndogo.

"Baba, nakuomba usikiguse," aliniambia siku anaondoka.

"Nimejenga nyumba nzima, kidude hiki ndicho kitanishinda?"

Alimtazama mama yake, wakacheka.

Wiki tatu kilifanya kazi. Nilikuwa nakaa kwenye kiti karibu na kitanda, hita inatoa mlio mdogo, tik, halafu joto linakuja taratibu kwenye magoti, na mimi nasinzia. Katika usingizi ule ng'ombe wa baba yangu walikuwa wanaingia mmoja mmoja, yule wa pembe moja mbele, wanajilaza kando ya kitanda cha mke wangu. Nikiamka nilikuwa naangalia sakafu kwanza.

Halafu Jumatatu moja niliamka miguu ikiwa ya barafu. Kidude ukutani kilikuwa cheupe tu, hakina namba. Hita kimya. Mke wangu alikuwa ameketi, ameshika ukingo wa kitanda, anaitafuta pumzi kama mtu anayepanda mlima.

Simu ikaita.

"Shikamoo baba. Chumba chenu kimepotea kwenye simu yangu. Umeme upo?"

"Marahaba. Taa inawaka."

"Luku ina yuniti?"

"Ipo. Mimi si wa kuishiwa yuniti."

"Swichi ya kwenye plagi ya hita?"

Nikaizima, nikaiwasha. Nikachomoa plagi, nikaipuliza, nikairudisha. Nikaenda kwenye meni swichi, nikaishusha, nikaipandisha. Kidude kimya. Nikakipiga kofi dogo, kama tunavyofanya na redio. Kimya.

"Betri je, baba?"

"Betri ulileta mpya wewe mwenyewe."

"Basi kitakuwa kimekufa. Nitatafuta fundi, ila labda atapatikana keshokutwa."

Keshokutwa. Nikamtazama mke wangu. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa na rangi ya majivu. Nikasema niingize jiko la mkaa, dakika chache tu, nifungue dirisha.

"Ukiingiza jiko, natoka mimi," alisema. Akapumzika, akavuta pumzi. "Mzee. Jana redio yako ilitangaza mpira kwa sauti ya kijana. Wiki nzima ilikuwa inakoroma. Imepona lini?"

Huku kwetu betri za redio zikichoka tunazianika juani, juu ya jiwe, na zikishaota jua vizuri redio inaongea siku mbili tatu tena. Jumapili kulikuwa na mechi. Niliona betri za kidude ni saizi ile ile ya redio yangu. Nikachukua zile mpya, nikakipa kidude zangu zilizoota jua. Namba zilitokea, nikajisifu moyoni. Nilidhani kinachotosha redio kinatosha na ukuta.

Nilizitoa zile mpya kwenye redio, nikazirudisha ukutani. Kidude kikakaa, kikakaa. Halafu namba: kumi na tatu. Tik. Hita ikaanza kuwa nyekundu, na mimi nikasimama mbele yake kama mtoto aliyetoka mtoni. Kumi na nne. Kumi na tano. Nilizihesabu zote kwa sauti, mke wangu akizisikiliza amefumba macho. Ilipofika kumi na tisa alikuwa ameegemea mto na bega lake halipandi tena kwa kila pumzi.

Simu ikaita.

"Baba! Mmerudi! Umefanyaje?"

Ningeweza kusema nimekitengeneza. Mtu wa darasa la tatu, nimekitengeneza.

"Betri nilizihamishia kwenye redio," nikasema. "Usimwite fundi. Fundi wa kukiharibu nilikuwa mimi."

Kisha nikasikia kicheko chake na cha wateja wake, maana alikuwa ameweka spika.

Redio iko dirishani, tumbo wazi, haina kitu. Jumapili iliyofuata mke wangu alipiga kitanda kwa kiganja, niketi.

"Haya, mzee. Leo mpira nitangazie wewe."

Mpira nitauonea wapi? Nikamtangazia ng'ombe: yule wa pembe moja ametangulia, anaingia mlangoni, wengine wanamfuata. Ng'ombe wa sita mke wangu hakumsikia. Alikuwa amelala.